UZI: Mtu anaongea peke yake stendi, kwa nini sisi tuliotulia ndio tunakosa amani?

#1 MwanaMikindani

Wadau wa Kusini, heshima kwenu.

Naomba hili tulichambue bila mzaha mwingi. Stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara, saa kumi na mbili asubuhi, mtu kasimama katikati ya mabasi anahutubia hewa. Hana jiwe, hana panga, hamgusi yeyote. Sasa watazame wanaomzunguka: mama anamvuta mtoto upande wa pili, vijana wanacheka kicheko kisicho na furaha, mzee anajifanya anasoma tiketi ambayo keshaisoma mara tatu. Hatua hamsini kutoka hapo yuko muuza dawa ya panya na kunguni, anapayuka vilevile kwa spika mbovu, mikono anairusha vilevile, na hakuna hata anayegeuka.

Tofauti yao nini hasa? Sitaki jibu la "yule kichaa". Kujua kwamba fulani anaumwa hakuelezi kwa nini tumbo linalojikunja ni la mtazamaji. Wenye taaluma na wenye kazi za kukaa na watu, karibuni.

#2 Mwl_Chikongola

Mkuu, swali zuri, na sosholojia imelihangaikia tangu miaka ya 1960.

Anza na macho. Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza mwaka 1963 jinsi wapita njia wa mijini Marekani wanavyotazamana: unamwangalia mwenzako mpaka mbaki kama futi 8 kati yenu (mita mbili na nusu hivi), mnaelewana kwa ishara nani apite upande gani, kisha kila mmoja anashusha macho. Alifananisha na madereva kupunguza taa wakipishana usiku. Maana yake ni "nimekuona, sina neno nawe, pita." Anayeendelea kukutazama baada ya hapo hajapunguza taa, na wewe unafanya kama dereva yeyote: unajibana pembeni na kukaza mikono kwenye usukani.

Huku kwetu kipimo ni kingine. Kijijini Nanguruwe kumpita mtu kimya ndiyo kasoro, lazima itoke "shikamoo" au "habari za toka asubuhi", na hiyo ndiyo taa yetu. Mtu huyohuyo akienda Kariakoo akaanza kumsalimia kila anayepishana naye, dakika tano tu watu watashika mifuko yao. Kitendo hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni matarajio ya waliopo.

Harold Garfinkel yeye aliamua kuyavunja matarajio makusudi aone ndani kuna nini. Aliwatuma wanafunzi wake nyumbani kwao wakajifanye wapangaji kwa dakika 15 hadi saa moja: waongee kwa adabu ya ugenini, waombe ruhusa ya kila kitu, wasiseme mpaka wasemeshwe. Hawakutukana, hawakuvunja sahani. Familia zilishtuka, zikaona aibu, zikakasirika. Wazazi waliuliza: unaumwa? mitihani imekuwaje? umekosana na nani? Kati ya wanafunzi 49, kwa 9 zoezi halikwenda, maana wengine walikataa kabisa na wengine walijaribu likawashinda. Hapo kuna la kujifunza: wazazi hawakuchukizwa na adabu. Kilichowatoa jasho ni kutojua wao wenyewe wacheze nafasi gani. Mtoto wako akikuita "mheshimiwa" mezani, wewe unamjibu kama nani?

Ndiyo tofauti ya wale wawili wa stendi. Kwa muuza dawa ya kunguni kila mtu anajua sehemu yake: nunua, au pita. Yule mwingine kakuingiza kwenye mchezo, na kazi yako humo hujaambiwa. Nijibu? Nikimbie? Nimsaidie? Anaongea na mimi?

Mnyang'anye muuza dawa lile boksi lake na spika, aendelee na maneno yaleyale. Mtamkimbia.

#3 Kijana_wa_Bima

Mwalimu, na upande wa anayefanya je? Kuna jamaa wanarekodi vituko sokoni wakaweka mtandaoni, wanaonekana hawaoni haya kabisa.

#4 Mwl_Chikongola

Wanaona, ila kamera inawakinga. Kamera ni kisingizio cha mkononi: "nafanya kazi." Bila kamera mambo ni magumu. Mwanasaikolojia Stanley Milgram, miaka ya 1970, aliwatuma wanafunzi kwenye treni za chini ya ardhi New York wakawaombe abiria viti bila kutoa sababu yoyote. Asilimia 68 ya walioombwa waliachia kiti au walisogea. Kuombwa hakukuwa kazi, kazi ilikuwa kuomba. Waombaji walibanwa koo, wengine walihisi kichefuchefu, na Milgram alipojaribu mwenyewe maneno yaligoma kutoka. Akishapewa kiti, mwombaji alijikuta anainamisha kichwa na kujikunja kama mgonjwa kweli, ili ombi lake lipate maana mbele za watu.

Ongeza na hili: ukimwona mtu anajiaibisha, unaona aibu kwa niaba yake hata kama yeye haoni. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2011 walipima ubongo wa watazamaji wa aina hiyo, wakakuta zinawaka sehemu zilezile zinazowaka mtu anapoona mwenzake anaumia. Kwa hiyo "nimejisikia vibaya kwa ajili yake" si lugha ya mapambo.

#5 Mmakonde_wa_Newala

Nimewasoma wote, ila mnazunguka mbali wakati shule iko hapahapa. Twendeni kwenye midimu, ile ngoma yetu Wamakonde ya wavaa vinyago.

Mtu kafunikwa nguo kuanzia shingoni mpaka vidoleni, usoni kavaa kinyago cha mti mwepesi, anatingisha mabega kama kashikwa, anawakimbilia watoto, wengine wako juu ya mironjo urefu wa paa. Ukiondoa sherehe, hicho ni kituko kuliko chochote mtakachokiona Mkanaledi. Watoto wanalia, ndiyo, lakini watu wazima wanashangilia. Kwa nini? Kwa sababu ngoma imepigwa kabla hajatokea, kiwanja kimetengwa, ni majira ya kutoka jandoni na unyagoni, ana wasaidizi pembeni yake, na kila mtu anajua itaisha. Mtoe huyohuyo, Jumanne saa nne asubuhi, peke yake bila ngoma, pale Soko Kuu. Atapigwa mawe kabla hajafika kwenye mchicha.

Mfano wa pili ni mtani msibani. Analala njiani jeneza lisipite, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anadai pesa, anatukana chakula. Wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka, anapewa shilingi mbili tatu, jeneza linapita. Asiye mtani akithubutu robo ya hayo, ataondoka na meno pungufu.

Kwa hiyo mimi naona watu hawaogopi tabia ngeni, wanaogopa tabia isiyo na mwenyewe. Uliza nani kamruhusu, ni hapa panapostahili, ilianza kwa ishara gani, itakwisha lini. Kukosekana kwa moja watu wanavumilia. Kukikosekana yote manne, miguu inaondoka yenyewe. Na la mwisho, la "itakwisha lini", naliona ndilo zito kuliko mengine. Hata hodi ni hivyo: mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Anayegonga mara ya nne, ya tano, ya sita, ndani watu wanaanza kutafuta panga, na hajafanya lolote zaidi ya kugonga.

#6 NesiZamuYaUsiku

Falsafa nzuri, lakini naomba niwashushe kidogo. Wakati nyinyi mnajiuliza nani kamruhusu, huenda mtu sukari imeshuka na ana dakika chache. Sehemu kubwa ya "tabia za ajabu" barabarani ni mwili unaoomba msaada, na ule wasiwasi wenu unawafanya mtazame pembeni wakati ndio wa kutazama. Nitaandika ninachoona kinakosewa zaidi.

Sukari kushuka. Mtu anatoka jasho jingi, anatetemeka, anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, anayumba. Wanasema kalewa. Hutokea kwa wanaotumia dawa za kisukari wakachelewa kula, na mwezi wa Ramadhani muwe macho zaidi. Kama anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari: vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji kidogo, au nusu chupa ya soda. Subiri dakika 15, kama hajarudi sawa rudia, akishapata nafuu ale chakula. Kama hamezi au kazimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kifafa kisicho cha kuanguka. Hiki hakuna anayekijua. Mtu kasimama, macho yapo lakini hayupo, anatafunatafuna mdomo mtupu, anachezea vifungo vya shati, anaweza kutembea hovyo hata kukatiza barabara. Huchukua nusu dakika hadi dakika mbili au tatu. Hajibu kwa sababu hawezi. Kosa kubwa ni kumshika kwa nguvu, maana atajitetea bila kujua na mtasema ana fujo. Tembea naye, mzuie na magari kwa kusimama wewe upande wa barabara, ongea polepole. Akianguka na kutingishika, tazama saa, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mtingishiko ukikoma mlaze ubavu. Usiweke kijiko wala kidole mdomoni, unavunja jino au unapoteza kidole. Ukipita dakika 5, ni dharura.

Sumu ya shambani. Msimu wa kupulizia mikorosho kila mwaka unatuletea hawa. Dawa za kuua wadudu za jamii ya organofosfeti zikimwingia mtu: mate, machozi na jasho vinamtoka kwa pamoja, anatapika, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, anaweweseka. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni (wewe vaa hata mifuko ya nailoni mikononi), usimtapishe, na njoo na chupa au kibandiko cha dawa hospitali.

Pombe iliyokatwa ghafla. Mnywaji wa kila siku wa uraka au nipa akiacha ghafla, siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, kutetemeka na kupata homa. Anaonekana karogwa. Hali hiyo inaua, msimfungie ndani "atulie".

Kanuni ya haraka ya kuwatenganisha: tabia iliyoanza ndani ya saa au siku chache, inayokuja na kuondoka, hasa ikiwa na homa, ichukulieni kuwa ni ugonjwa wa mwili mpaka vipimo viseme vingine. Malaria iliyopanda kichwani iko kundi hili. Ugonjwa wa akili wenyewe kwa kawaida hujijenga kwa wiki na miezi, na ndugu wakiulizwa vizuri wanakumbuka: alianza kukosa usingizi, akajitenga, akaacha kuoga.

#7 Babu_Tandahimba

Wanangu, tuseme ukweli. Huku mtu akikutwa uchi alfajiri nyuma ya nyumba, hakuna atakayewaza sukari. Watasema mchawi kaanguka na ungo. Hofu ya watu wa Kusini ni uchawi, hiyo Marekani yenu haituhusu.

#8 Mwl_Chikongola

Shikamoo babu. Uchawi ni jina tunaloipa hofu ikishafika, ila hofu yenyewe inafika kabla ya jina. Kule Illinois, Marekani, ambako majini ya Kilwa hawayajui, mwaka 2016 watafiti wawili waliwauliza watu 1,341 ni mtu wa namna gani anayewasisimua mwili vibaya. Majibu: anayesimama karibu mno, anayecheka wakati usiotabirika, anayelamba midomo kila mara, anayeyarudisha mazungumzo kwenye jambo moja tu, anayekufanya ushindwe kuaga bila kuonekana huna adabu. Kwenye kazi, walioongoza ni wachekeshaji wa sarakasi wanaojipaka rangi usoni.

Maelezo yao ni kwamba hatari ya wazi haitoi hisia hii. Mwenye panga unamkimbia na mambo yamekwisha. Hisia hii inakuja pale usipojua kama kuna hatari au hakuna: ukikimbia utaonekana mjinga, ukibaki huenda ukaumia. Mwili unabaki katikati, na katikati ndiko kunakochosha. Kila watu wanapafunika hapo kwa kitambaa walichonacho. Sisi tuna uchawi, wengine wana jina la mhalifu, wengine la mlevi.

#9 NesiZamuYaUsiku

Marahaba babu angejibu mwenyewe, lakini niongeze: huyo wa uchi alfajiri, mtazameni umri. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau huamka usiku wakatafuta nyumba waliyokulia, wanasukuma mlango wa mtu, nguo wamesahau. Akiulizwa "wewe nani?" kwa ukali hana jibu, na kukosa jibu ndiko kunakomponza. Mfunikeni kanga, mkalisheni, mpeni maji, muulizeni majina ya wazazi wake au kijiji alichozaliwa badala ya anakaa wapi sasa. Vya zamani hukaa kichwani muda mrefu kuliko vya jana. Kisha aitwe mwenyekiti wa mtaa. Mtu wa kwanza kupaza sauti "mwizi!" au "mchawi!" ndiye anayeamua kama mzee ataiona saa mbili.

#10 KondaMstaafu

Nesi kamaliza, mimi natoa ya ndani ya gari maana Hiace haina pa kukimbilia.

Abiria akianza kuongea peke yake au kufoka, konda mgeni anafanya makosa mawili: anamjibu kwa sauti kubwa, na anamhamishia siti ya nyuma kabisa. Nyuma ni pabaya. Kabanwa na watu wanne, hana njia, akishtuka anapita juu ya mabega ya watu. Mweke siti ya jirani na mlango, upande mmoja awe na nafasi, usimkalishe mbele ya mtoto wala jirani na dereva, maana akigusa usukani tumekwisha. Muziki zima. Ndani ya gari ongea mtu mmoja tu, na awe konda, sauti ya chini, maneno machache: "Mzee, unashukia wapi? Mikindani? Haya, nitakwambia." Swali lenye jibu moja linamtuliza kuliko "una matatizo gani wewe?"

Abiria wakiona konda ana habari, nao wanashuka presha. Hii nimeiona ndiyo siri ya gari zima: watu hawamtazami yule, wanamtazama konda.

Akileta hatari kweli, simamisha penye watu na kivuli, si porini, abiria washuke kwanza, piga 112. Kumtupa mtu katikati ya njia usiku si kazi ya konda, ni dhambi.

#11 Mwl_Chikongola

Konda, hiyo ya "wanamtazama konda" ipo vitabuni. Mwaka 1968 wanasaikolojia Latané na Darley walimweka mtu chumbani anajaza fomu, wakapitisha moshi ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili walioagizwa watulie tu, ni asilimia 10. Moshi uleule. Kila mmoja anamsoma mwenzake usoni, na kwa kuwa wote wameficha wasiwasi, wote wanasomeana utulivu usiokuwepo. Mkanaledi watu arobaini wanaweza kumzunguka mgonjwa, kila mmoja akiamini wenzake wanajua kwamba si kitu.

Dawa yake ni kutaja mtu. Usiseme "jamani msaidieni." Sema: "Dada mwenye mtandio wa kijani, mpigie simu ndugu yake. Wewe wa bodaboda, leta maji." Umewagawia nafasi, na wasiwasi wa #1 unapungua hapohapo.

#12 Kijana_wa_Bima

Mimi na wenzangu wa chuo tunataka kufanya lile zoezi la kuvunja matarajio hapa Mtwara. Mwalimu, tunafanyaje bila kuchapwa?

#13 Mwl_Chikongola

Chagueni kitu kidogo kinachoishia kwenu. Simameni kwenye foleni mkitazama nyuma badala ya mbele. Au mkae benchi lenye nafasi tele, mguse bega la aliyepo, sekunde 10, mwombe radhi. Au mmoja apatane bei dukani kwenye bei zilizobandikwa. Garfinkel alilifanya hili, na wanafunzi wengi waligundua kwamba punguzo linapatikana! Sokoni kwetu geuzeni: lipa bei ya kwanza bila kupatana, umtazame muuza samaki anavyoanza kukushuku.

Wawe watatu: mfanyaji, mwandishi, na wa kueleza. Mwandishi aandike muda, umbali, macho ya watu yalikwenda wapi kwanza, neno la kwanza lililotoka. Wa kueleza aingie kabla ya dakika mbili aseme ni somo la chuo. Msirekodi sura za watu. Msiguse msikiti, kanisa, msiba, shule ya watoto wala hospitali. Msifanye jioni. Na msiigize ugonjwa wa akili, maana mtakuwa mnawafundisha watu kumcheka yule ambaye nesi kamwelezea.

Andikeni pia yenu: mapigo ya moyo kabla na baada, na visingizio vilivyowajia mdomoni. Kwa kawaida hapo ndipo ripoti inapokuwa nzuri.

#14 Mama_Wawili_Lindi

Na mtoto anayeziba masikio na kupiga kelele akijizungusha, watu wanamtazama mama kwa jicho la "hujamfunza"?

#15 NesiZamuYaUsiku

Dada, watoto wenye usonji wengi masikio yao hayachuji. Honi, spika na muungurumo wa mabasi vinaingia vyote kwa pamoja, na kule kujizungusha ndiko kunakompa kitu kimoja anachoweza kukitabiri. Anafanya kilekile wanachofanya wanaomtazama: anatafuta utulivu. Anayetaka kusaidia apunguze kelele, afungue njia ya kutokea, asimshike, asimpe pipi, asitoe ushauri. Amuulize mama tu: "Nikusaidie kubeba mzigo?"

#16 Kijana_wa_Bima

Nesi, kwenye ile ya sukari, kama duka lina soda ya zero tu?

#17 NesiZamuYaUsiku

Hiyo haina sukari, utampa maji yenye rangi. Nenda kwa mama wa chai, chota vijiko vinne.